Kaseti Iliyofutwa kwa Adabu

Inspekta aliisikiliza kaseti mpaka mwisho, na kaseti haikusema kitu.

Alikuwa amekaa kwenye stoo ya makumbusho ya mitambo, juu ya kigoda, mikono ameikunja kifuani, huku redio kaseti nyeusi ya zamani ikizungusha utepe mbele yake kwa uaminifu wote. Mhifadhi wa makumbusho alisimama mlangoni akifuta miwani kwa ncha ya tai. Fundi wa makumbusho, mwanamke mwenye ovaroli ya bluu na macho mekundu ya kulia, alikaa juu ya kreti. Koplo aliegemea rafu akijaribu kutopiga miayo, akashindwa.

"Inspekta, sisi tumeshaisikiliza," alisema Mhifadhi. "Hamna kitu. Hata ukiirudia mpaka jioni, hamna kitu."

"Nyie mlikuwa mnasikiliza mchezo," alisema Inspekta. "Mimi namsikiliza mtu aliyeufuta. Naomba utulivu."

Kwa nje, kwenye ukumbi mpya, mafundi seremala walikuwa wakigongagonga. Kesho, Jumamosi asubuhi, waziri angekuja kuufungua ukumbi ule, na kila kitu kilikuwa kimepangwa kwa miaka yake: kifaa cha kupigia simu za maandishi za zamani, mashine za taipu, mtambo wa kutoboa kadi, kompyuta ya kwanza ya serikali yenye ukubwa wa jiko, halafu zile kompyuta ndogo za nyumbani zilizochomekwa kwenye televisheni na kulishwa programu kutoka kwenye kaseti. Mwisho kabisa, mahali pa heshima, palikuwa na kibao cha shaba kilichofunikwa kitambaa. Kiliadhimisha mchezo wa kwanza wa kompyuta kuandikwa nchini, na kwa Kiswahili: Mvua ya Herufi. Herufi zinaanguka kutoka juu ya kioo, mtoto anazidaka na kupanga neno kabla hazijafika chini. Watu wazima waliojifunzia kusoma hapo bado wanausimulia huku wamelegea nyuso.

Tatizo lilikuwa jina lililochongwa kwenye kile kibao. Lilikuwa jina la tajiri mmoja wa kompyuta ambaye magazeti yalimwita Mwasisi, na yeye hakuwahi kuwakataza. Nakala zote za mchezo zilizobaki zilikuwa zimetoka kwenye kampuni yake, na zilikuwa na jina lake. Kisha akaja mjane mmoja na kaseti iliyofungwa kwenye leso, akasema mchezo uliandikwa na marehemu mumewe, mtu ambaye wenzake wa klabu ya kompyuta walimpa jina la utani la Kaseti, na kwamba ile ndiyo nakala ya kwanza, yenye jina lake ndani. Mhifadhi alikubali isomwe leo mbele ya mashahidi. Kama jina lingekuwemo, kibao kingechongwa upya usiku huohuo. Leo asubuhi ikasomwa. Kimya.

"Ni sumaku," alisema Mhifadhi, ambaye alishindwa kukaa kimya kwa zaidi ya dakika. "Tumeweka spika kubwa upande wa pili wa ukuta huu. Sumaku ya spika inaweza kufuta utepe. Ni ajali, Inspekta. Nitamwandikia mama barua ya pole."

Inspekta alirudisha kaseti mwanzo, akaongeza sauti, akabonyeza. Pakasikika *tap* moja ndogo, kisha kimya.

"Hiyo nini?" alimuuliza Fundi.

"Kitufe cha kurekodi. Kikibonyezwa kinaacha mlio kwenye utepe."

"Spika yenu ina kidole?"

Koplo alicheka kwa pua. Mhifadhi alivaa miwani yake na kugundua dirisha lenye mambo mengi ya kutazama.

Inspekta aliitoa kaseti, akaigeuza mgongo juu. Kwenye ukingo kulikuwa na vishimo viwili vidogo vya mraba.

"Na hapa pametokea nini?"

"Hapo huwa kuna vijino vya plastiki," alisema Fundi, akijifuta pua kwa mkono wa ovaroli. "Ukivivunja, redio inakataa kurekodi juu yake. Marehemu alivivunja mwenyewe, ili isifutwe kwa bahati mbaya."

"Basi haikufutwa kwa bahati mbaya. Ilifutwaje?"

"Unaziba kishimo. Karatasi, selotepu, chochote. Redio inadhani kijino kipo."

Inspekta alipitisha ncha ya kidole juu ya vishimo. Kishimo cha kushoto kilinata. Alimnyooshea Koplo, Koplo naye akagusa, akanusa kidole chake kama mtu anayeonja mchuzi.

"Gundi," alisema Koplo. "Kabandika, kafuta, kabandua. Kasafi haka kajizi."

"Mpaka hapo ni mtu anayezijua kaseti." Inspekta alichukua kaseti nyingine tupu kutoka kwenye boksi, akaitia kwenye redio, akarekodi. Hakusema neno. Feni ilizunguka, nyundo ziligonga, Koplo alipiga miayo. Alipoirudisha na kuicheza, vyote vilikuwemo, na miayo ya Koplo ilikuja juu kuliko vyote.

"Redio hii ina maiki yake ndani. Inameza kila kitu," alisema Inspekta. "Lakini kwenye kaseti ya marehemu hamna feni wala nyundo. Hamna hata pumzi. Kwa nini?"

Uso wa Fundi ukabadilika. "Alichomeka pini tupu kwenye tundu la maiki. Ukifanya hivyo maiki ya ndani inakatika. Inarekodi ukimya mtupu. Lakini hiyo... hiyo ni mbinu ya wazee wa klabu, Inspekta. Mimi nimeijua mwaka jana tu, kwa kuambiwa."

"Kafuta kwa adabu zote," alisema Inspekta. "Sijawahi kuona. Na huu waya?"

Kabla ya kuigusa redio na kuuchomoa waya ule, Koplo alikuwa ameipiga picha jinsi walivyoikuta: haina alama ya kidole hata moja, imepanguswa, na waya mwembamba umechomekwa ubavuni. Asubuhi kaseti ilisomwa kwa redio nyingine, iliyoko ukumbini. Hii ya stoo haikuguswa na mtu tangu Jumatano.

"Huo siyo mimi niliyeuacha hapo," alisema Fundi. "Ulikuwa kwenye droo."

"Kwenye picha umechomekwa tundu gani?"

"La hedifoni."

"Anayefuta anahitaji tundu la maiki. Hili la hedifoni linatoa nini?"

"Sauti." Fundi alisimama kutoka kwenye kreti. "Linatoa sauti nje. Kwenda kwenye kompyuta, au kwenye simu, au..."

"Inatosha," alisema Inspekta. "Hayo yakitoka nje ya mlango huu nitajua yametoka kwa nani."

Kaseti ilikuwa imekaa kwenye droo yenye kufuli, na ufunguo ulikuwa kwenye mfuko wa ovaroli, na ovaroli, kama ovaroli zote duniani, ilitundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango. Fundi aliyasema hayo huku analia upya. Jumatatu alikuwa ameijaribu kaseti: aliisogeza mbele mpaka katikati, akasikia makelele ya programu, akazima ili asiuchoshe utepe. Kwa hiyo Jumatatu ilikuwa nzima. Jumatano, siku pekee ya wageni, stoo iliingiwa na watu watatu, na kila mmoja alipata nafasi ya kuwa peke yake. Mwasisi alikuja na wapiga picha wake, akaomba aachwe kidogo "na wazee wangu hawa," akimaanisha kompyuta. Mtu mmoja anayeitwa Modemu, aliyekuwa rafiki mkubwa wa marehemu, alikuja kuifufua televisheni ya zamani. Na mtoto wa marehemu alileta picha ya baba yake iwekwe kwenye fremu.

"Huyo wa picha alikaa humu muda mrefu?" aliuliza Inspekta.

"Alikuwa anamsubiri Mhifadhi. Kila mtu humu anamsubiri Mhifadhi." Fundi hakumtazama bosi wake. "Alikuwa ameishika ile picha, nikaona vibaya kumsumbua."

Garini Koplo alitoa hukumu yake. "Mwasisi. Mwenye kibao ndiye mwenye kisa. Tukamtie pingu mbele ya waziri, nami nistaafu na picha gazetini."

"Kwanza tukamwone Modemu," alisema Inspekta.

Modemu alikuwa na kibanda cha kutengeneza simu chini ya ngazi za jengo la maduka. Alikuwa mtu mnene mwenye sauti nene, na jina lake alilipata kwa sababu aliweza kuigiza kwa mdomo ule mlio wa zamani wa kompyuta kuunganishwa na simu: miluzi, mikwaruzo, na ule mguno wa mwisho. Wateja walimwomba aufanye, naye aliufanya. Alipoona kitambulisho cha Inspekta hakuufanya.

"Nimesikia," alisema. "Fundi kanipigia. Tangu asubuhi sijashika kazi ikashikika."

"Uliwahi kuliambia gazeti kwamba herufi zinazoanguka ni zako."

"Wazo lilikuwa langu. Nikasema, vipi kama zinaanguka? Basi. Kuandika kaandika yeye, miezi na miezi, kwenye mashine yenye kumbukumbu ndogo kuliko ya hii." Alinyanyua simu ya vitufe iliyovunjika kioo. "Mawazo, afande, hata mimi ninayo mpaka leo. Angalia yalikonifikisha."

"Ungependa jina lako liwe kwenye shaba?"

"Ningependa lake. Nimekaa na hasira ya yule mtu aliyemwibia miaka yote hii, halafu nifute mimi? Ningemeza hiyo kaseti kwanza."

Inspekta aliweka kaseti tupu mezani. "Nifundishe. Nataka kufuta kaseti. Nianzie wapi?"

"Unaanza kwa kunakili," alisema Modemu, bila kufikiri.

"Nimesema kufuta."

"Nami nimesema kunakili. Ndiyo ilikuwa sheria ya klabu. Marehemu Kaseti ndiye aliyeileta, baada ya umeme kukatika na kummezea kazi ya wiki nzima. Usifute kitu kabla hujakiwekea nakala. Hata takataka. Hata programu ya mtu unayemchukia. Ukikamatwa umefuta bila nakala, unafagia ukumbi mwezi mzima na hakuna anayekusemesha." Alicheka kidogo, kwa uchungu. "Mpaka leo siwezi kufuta ujumbe wa mtandao wa simu unaonitangazia vocha. Nauhifadhi kwanza. Ni ugonjwa."

"Mwasisi naye alishika sheria hiyo?"

"Yule hakuwa na cha kufuta, kwa sababu hakuwa na alichoandika. Tulimkubali kwa kuwa baba yake ndiye mwenye ukumbi. Hata kurekodi alikuwa hajui. Kila siku tunamwambia, chomeka pini uikate maiki, naye anasahau. Kaseti zake zote zina kikohozi chake."

Koplo alimtazama Inspekta kwa masikitiko, kama mtu aliyenyimwa likizo.

"Nyinyi mliojua kutumia hiyo pini, mko wangapi?"

"Wengi wameshatangulia mbele za haki. Nimebaki mimi."

"Na nani mwingine marehemu alimfundisha? Siyo wa klabu."

Bisibisi ya Modemu ilisimama. Alijua anachoulizwa, na uso wote ukamshuka.

"Afande, usinifanyie hivyo," alisema polepole. "Yule nimembeba mgongoni."

"Sijakuuliza jina."

"Basi mimi sijakujibu." Aliinamia simu yake. "Nenda zako, dada yangu. Nina kazi za watu hapa."

Ofisi ya Mwasisi ilikuwa juu kabisa ya jengo lake, na ukutani zilichorwa herufi kubwa za rangi zikianguka kutoka darini mpaka kwenye zulia. Aliwakaribisha kwa mikono miwili. Alikuwa na sauti ya upole, nywele nyeupe zilizotunzwa, na tabia ya kukuita ndugu kabla hujaketi.

"Marehemu alikuwa zaidi ya ndugu kwangu," alisema. "Mchezo ule tuliuandika pamoja."

"Wewe uliandika sehemu gani?"

"Dada yangu, mambo ya zamani hayo. Nani anakumbuka mistari?"

"Rafiki yenu Modemu anakumbuka."

"Modemu anakumbuka mengi kwa sababu hana jingine la kufanya." Alitabasamu, kisha akajutia kidogo. "Mimi niliufikisha mchezo kwa watu. Bila mimi ungebaki sebuleni kwao. Hilo halistahili kibao?"

"Nimeambiwa mtoto wa marehemu anafanya kazi kwako," alisema Inspekta.

"Ni mwanangu yule. Nimemlea hapa tangu anamaliza masomo. Karibuni atakwenda kuongoza tawi letu jipya."

"Habari hiyo alipewa lini?"

"Jumanne."

"Mkazungumza na habari ya kaseti."

"Tulizungumza." Mwasisi alinyoosha kalamu yake ikalingana na ukingo wa meza. "Nilimwambia ningefurahi sana kama Jumamosi ingepita bila mzozo, kwa heshima ya baba yake pia. Hakuna zaidi. Nilikosea?"

"Hapana," alisema Inspekta akiinuka. "Kisheria umesema maneno mazuri kabisa. Ndiyo maana yananitia kichefuchefu."

Nyumba ya mjane ilikuwa mtaa wa nyuma ya kiwanda cha rangi, vyumba viwili na sebule, sakafu ya saruji iliyopigwa deki mpaka ikang'aa. Ukutani kulikuwa na alama ya mstatili mahali ilipotolewa picha ya mume. Mama mwenyewe alikuwa mwembamba, mnyoofu, mwenye kilemba cheupe. Mwanawe alikuwa kwenye kochi na suti ya kazini, simu mkononi. Alikuwa mtu mzima mwenye mvi za kwanza, lakini mbele ya mama yake alikaa kama mwanafunzi aliyeitwa na mwalimu mkuu.

"Karibuni, wanangu," alisema mama. "Mmempata?"

"Bado nakamilisha, mama. Nimekuja kukueleza tulipofika." Inspekta aliketi. Koplo alibaki karibu na mlango. "Kaseti yenyewe haitarudi. Nisikufiche."

Mama alitikisa kichwa taratibu. "Nimeitunza tangu alipofariki, na kabla yake. Aliniambia isichezwe, kwamba programu ni makelele tu ya kutoboa masikio, na utepe unachakaa. Basi sikuicheza. Nilikuwa naipangusa vumbi tu. Leo ndiyo ilikuwa siku yake."

"Mama, usijitese," alisema mwanawe. "Nilikwambia toka mwanzo, mambo haya hayana faida. Watu wanajua."

"Nani anajua? Mimi na Modemu?"

"Niseme ukweli," Inspekta aliingilia, na safari hii alikuwa akimtazama mwana. "Nimekasirika kwa sababu aliyefanya hivi ni mbumbumbu. Angekuwa mtu anayeelewa mitambo ningemheshimu hata nikimfunga. Huyu ni mshamba. Kaikuta kazi ya mtu, ya miezi na miezi, kaifuta kama anayefuta ubao."

"Labda hakuwa mshamba," alisema mwana.

"Mshamba tu. Karukia kitufe. Kazi ya kwanza nchini, nakala ya pekee, yeye kaipangusa ikaenda moja kwa moja. Marehemu angekuwa hai angemfagilisha ukumbi mpaka azeeke."

"Wewe hujui alivyofanya."

"Najua. Nimeisikiliza kaseti. Ni kazi ya mtu asiyefundishwa na yeyote. Hakuwa na baba wa kumfundisha kwamba huwezi kufuta kitu bila..."

"Mimi sifuti kitu bila nakala!"

Alikuwa amesimama. Sauti yake ilikuwa imegonga kuta na kurudi. Aliangalia chumba kizima, Koplo mlangoni, Inspekta kwenye kiti, na mwisho, kwa shida, mama yake. Hasira ilimtoka yote mara moja na hakujua aweke wapi mikono.

Inspekta alisema kwa sauti ya kawaida, "Waya uliusahau kwenye tundu la hedifoni. Nilikuwa nataka tu kujua iko wapi."

"Ni wewe?" mama aliuliza.

"Mama, nisikilize."

"Ni wewe?"

"Hakuniambia nifute," alisema mwana, maneno yakimkimbia. "Hakusema hivyo. Lakini nilimwelewa. Mimi nina watoto, mama. Nimemtumikia mtu yule miaka yote, juzi ndiyo kanipa cheo cha maana. Baba yuko kaburini, hahitaji kibao. Ningeitoa siku moja. Yule mzee akishaondoka, ningeitoa."

"Iko kwenye simu hiyo?" aliuliza Inspekta.

Mwana alirudi nyuma mpaka kochi likamgusa magoti. Kidole gumba chake kilikuwa juu ya kioo cha simu. "Ni hii tu, hakuna nyingine," alisema, na hakuwa akisema na polisi. "Nikibonyeza hapa, mama, hakuna ushahidi. Hakuna kesi. Kila kitu kinaisha humu ndani. Sema tu neno moja."

Koplo alijongea. Inspekta alimzuia kwa kiganja. Kwa umbali ule wasingeweza kumwahi, na wote wanne walijua.

"Bonyeza kwingine kwanza," alisema mama. "Nataka niisikie kabla haijafutwa. Mimi sijawahi kuisikia."

Mwana akabonyeza.

Kwanza ilikuja sauti ya mwanamume anayesafisha koo. Halafu akazungumza, kwa kunong'ona, kama mtu anayeogopa kumwamsha mtu chumba cha pili.

"Huu ni mchezo wa Mvua ya Herufi." Akataja jina lake kamili. "Nimeuandika mimi, sebuleni kwangu. Wazo la herufi kuanguka ni la rafiki yangu. Nimeuandika kwa ajili ya mwanangu, aliyetufikia juzi, na sasa hivi amelala na mama yake, wote wawili wamechoka. Mwanangu, ukikua, herufi zitaanguka. Zidake. Ukizikosa usilie, bonyeza uanze tena. Basi, ngoja ninyamaze, kompyuta inataka kuongea."

Kisha yakaja makelele, makali, yenye kukwaruza, mfululizo. Mama aliweka mkono mdomoni. Aliyasikiliza makelele yale yote bila kuondoa mkono, mpaka yalipokatika, na machozi yalikuwa yamefika kwenye vidole. Koplo, ambaye siku nzima alikuwa akipiga miayo, alikuwa ameangalia sakafu.

"Hii ulinakili mwenyewe," alisema mama.

"Ndiyo, mama."

"Kunakili kaseti ni lazima icheze yote? Au unaweza kuchukua bila kusikiliza?"

Mwana alielewa swali linakokwenda.

"Inacheza yote," alisema hatimaye. "Nilikuwa nimevaa hedifoni iliyogawana tundu na ule waya, kuhakikisha inaingia vizuri."

"Kwa hiyo ulimsikia. Anavyokwambia uzidake."

"Nilimsikia."

"Halafu ndiyo ukafuta."

"Nilikuwa na nakala, mama," alisema mwana, na alipoyasikia maneno yake mwenyewe uso wake ulianguka.

Mama alinyoosha mkono. Mwana aliachia simu bila ubishi. Yeye akampa Inspekta, naye Inspekta akaitia kwenye mfuko wa vielelezo na kuufunga mdomo.

"Kesho wataucheza?" mama aliuliza. "Sasa si jina lake limesikika?"

Inspekta alikuwa ameliogopa swali hilo tangu kwenye kibanda cha Modemu. "Hapana, mama. Hiki sasa ni kielelezo cha mahakama. Hakiwezi kuchezwa mbele za watu mpaka kesi iishe. Na kesi zetu unazijua."

"Kwa hiyo kesho waziri atafunua jina la nani?"

"Lilelile."

"Na yule mwenye jina, mtamfanya nini?"

"Hakuna nitakachoweza kumfanya. Alisema angefurahi. Kufurahi siyo kosa."

"Na huyu?"

"Huyu atalala ndani leo."

Mama alitikisa kichwa, akiyapanga yale mambo kichwani moja baada ya jingine, na hakuna lililokaa upande wake. Mwanawe alikuwa amekwishanyoosha mikono kwa Koplo, akilia kimyakimya, akimwita mama yake kwa lile neno alilokuwa akimwita nalo alipokuwa mdogo.

Mama aligeuka akawapa mgongo.

"Mchukueni sasa hivi," alisema, "kabla sijamhurumia."

Koplo alifungua mlango.